Naomi Keraryo, Mkaguzi Aliyesoma Namba ya Leseni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkaguzi Mwandamizi Naomi Keraryo anastaafu tarehe 30 Juni. Ofisi yetu ya ukaguzi wa michezo ya kubahatisha, Musoma, itabaki na kiti chake, ambacho hata hivyo alikikalia mara chache.

Alianza kwa kukagua mashine za kubahatisha katika baa za Bunda. Mashine isiyo na stika ya leseni aliifunga, basi. Kisha kubeti kukahamia kwenye simu, na Mama Naomi akakosa raha. Alizunguka korido akituuliza, "Duka lisilo na mlango nalifungaje?"

Jibu alilipata kijijini Guta, kwa Enoka, mkulima wa pamba. Mkeka wake wa kubeti mechi nane ulitiki, zote alizipatia. Akatumiwa ujumbe na kampuni ya kubeti mtandaoni kwamba kodi ya ushindi imeshakatwa, na kinachobaki kinakuja. Hakikuja. Mama Naomi akasoma namba ya leseni iliyoandikwa chini ya tovuti ya kampuni hiyo, akaitambua: ilikuwa ya ukumbi wa Musoma alioufunga yeye mwenyewe miaka sita nyuma. Kampuni haikuwa na leseni, na kodi iliyokuwa ikikata haikufika serikalini.

Bosi wa wakati huo alimwambia asubiri maelekezo.

"Watu wanabetiga kila saa, bosi. Nitasubirije?"

Akaondoka. Kwa siku tisa alizunguka Bunda, Butiama na Kiriba akikusanya jumbe za washindi, arobaini na tatu kwa jumla. Aliporudi alikuta barua ya onyo kwa kusafiri bila kibali. Aliisaini, akaambatisha ushahidi wake nyuma ya barua hiyohiyo na kuipeleka juu.

Wiki tatu baadaye tovuti ilifungiwa na wamiliki wakashtakiwa. Tangu hapo, ofisi yetu hulinganisha kila namba ya leseni na orodha ya zilizofutwa.

Fedha za washindi hazikupatikana. Hakuna kanuni inayomtaka mkaguzi kupeleka habari kama hiyo, lakini Mama Naomi alirudi Guta kumweleza Enoka ana kwa ana. Alijiandaa kutukanwa. Enoka alimpa kigoda, akasema, "Maofisa wengine wote walinipigiaga simu tu. Wewe umekuja."

Mama, umetuchosha kwa faida yetu, na tunakushukuru. Nenda nyumbani kwako Kiriba kwa amani. Mungu akujalie afya na miaka mingi yenye utulivu.

Fredi Mugeta, kwa niaba ya watumishi wenzako