Mzee Pimatupu: Miaka Thelathini na Mmoja Kwenye Mtambo wa Baridi

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili ya kuhudumia mtambo wa baridi katika maabara yetu ya fizikia, fundi mkuu, ambaye wanafunzi wote wamemzoea kwa jina la Mzee Pimatupu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kabla hujaweka chochote ndani ya mtambo, yeye hupima kwanza kioo kitupu kitakachobeba kitu chako, siku nne nzima, na kuandika kila kitu kwenye daftari. Ukimwambia una haraka, anakukaribisha kiti. Tulimtania kwamba mkono mtupu haulambwi, naye akatuuliza asiyejua uzito wa kikapu atauzaje nyanya kwa kilo.

Masikio yake nayo ni habari nyingine. Akipita tu koridoni anaisikia pampu inayotaka kuharibika, siku mbili kabla haijazima. Mkewe hulalamika kwamba bingwa huyu wa baridi ameshindwa kutengeneza jokofu la nyumbani, mwaka wa tatu sasa.

Lakini sitaki kumaliza kwa vicheko tu. Miaka tisa iliyopita nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hapa. Nilikuwa napima entropi, yaani kiasi cha mvurugiko, ya chembe ndogo mno iliyoshikamana kwa nguvu na kioo kilichoizunguka. Kila nilivyozidisha baridi, jibu lilishuka, mpaka likapita chini ya sifuri. Vitabu vyangu vilisema haiwezekani, na zilibaki wiki tatu nitetee tasnifu. Nikaandika barua kwamba kipimajoto kilikuwa kibovu, nikampelekea Mzee asaini. Aliisoma amesimama, akanirudishia kwa upole, akasema hawezi kutia saini ugonjwa ambao hajauona.

Nilikasirika kweli. Kwenye ripoti yangu kwa idara nikaandika kwamba hilo ni kosa la fundi. Mkuu wa idara akamwondoa kwenye mtambo, na kwa miezi minne mtu huyu alibadilisha taa na vitasa vya milango, huku akinisalimia kila asubuhi kama kawaida.

Watahini waliahirisha utetezi wangu, wakataka ushahidi wa hilo kosa. Nikaenda kuutafuta kwenye madaftari yake. Jamani! Vipimo vya kioo kitupu vya miaka kumi na moja, na vyote vinalingana. Kipimajoto kilikuwa kizima. Kibovu kilikuwa ni wazo langu. Nilichokiita entropi ya chembe kilikuwa entropi ya vyote viwili pamoja, ukitoa ile ya kioo peke yake. Vikishikana kwa nguvu, chembe hukibadilisha hata kioo chenyewe. Ni kama ndugu wawili wanaopika kwenye jiko moja: huwezi kusema moto huu ni wa nani. Tofauti hiyo yaweza kushuka chini ya sifuri bila sheria yoyote kuvunjika, maana jumla ya vyote viwili haishuki kamwe chini ya sifuri.

Tasnifu ikapita, nami nikaajiriwa hapa hapa. Yeye akarudishwa kwenye mtambo kimyakimya. Hakuna aliyemwomba radhi, na wa kwanza kunyamaza nilikuwa mimi. Ripoti ile ilibaki kabatini na maneno yangu ndani yake, na kila nilipopita karibu na kabati hilo niliona aibu.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa subira yako na kwa kazi uliyoifanya kwa haki hata pale sisi tulipokukosea. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku nyingi za furaha pamoja na mama na wajukuu. Jumatatu niliandika marekebisho ya ripoti ile, mkuu wa idara akayatia saini, na nakala anayo mama hapo ulipoketi naye. Yanasema kosa lilikuwa langu. Nimechelewa miaka tisa, baba yangu, lakini nasema leo mbele ya watu wote: nisamehe.