Uozo wa Boti ya Shangazi

Kijiwe chetu kiko kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya baiskeli. Tuna benchi lenye miguu mitatu na tofali, buli la kahawa, ndoo ya kuoshea vikombe, na kwa miezi saba sasa tuna boti ya Shangazi, imelala kifudifudi pembeni yetu. Shangazi huvusha watu mtoni. Alipovunjika mkono alituachia boti hiyo, iliyoundwa na marehemu mumewe, nasi tukaapa kuitunza kama mboni ya jicho. Leo kaja, plasta imetolewa. Nikamwondolea ndoo apate kuikagua boti vizuri. Akabonyeza mbao, kidole kikazama. Akakaa kwenye benchi, akashika tama. Sisi tukaanza kazi yetu, yaani kusema.

— Huo ni uzee, alisema kinyozi, tunayemwita Waziri kwa sababu hakuna wizara asiyoijua. Mbao ikifika miaka ishirini inajiozea yenyewe.

— Uzee wapi, alidakia Injinia, fundi baiskeli. Ni rangi ya mafuta. Inaibana mbao, inakufa kwa kukosa pumzi.

— Basi tupake lami.

— Lami juani si itachemka? Tumimine saruji humo ndani, tumalize kazi.

— Boti ya saruji itaelea?

— Meli ni chuma na inaelea, Waziri.

Mimi fundi viatu sikutaka kuachwa nyuma. Nikasema tuigongee soli ya tairi chini nzima, na gundi ninayo. Waziri akaona tumempita, akapandisha dau.

— Hamjui mlisemalo. Uozo huu unaambukiza. Umeanza kwenye boti, kesho uko kwenye benchi, keshokutwa kwenye mlango wangu. Dawa yake ni kuichoma moto.

— Kuichoma? akauliza Shangazi, ndiyo mara yake ya kwanza kufungua kinywa. Na mimi nitakula nini?

Wote tukatazama vikombe vyetu. Nilimwonea huruma, nikatamani kuyameza maneno yangu ya soli.

Nyuma yetu alikuwa amesimama mwanamke mmoja, fundi mpaka rangi, aliyekuja kuandika kibao cha kinyozi. Alikuwa ametusikiliza kikombe kizima. Akamwamkia Shangazi, akachomoa bisibisi, akaanza kuigonga boti kwa mpini wake, toka mkiani mpaka mbele. Ko, ko, ko. Mahali pamoja tu palilia kinyonge. Akapazungushia chaki, akasimama kuangalia alichochora.

— Samahanini, akauliza. Uozo gani huu wa duara?

 Ndoo ilikuwa miguuni pangu, inadondosha maji taratibu. Mpaka rangi akaifuata kwa macho, akaja kuichukua, akaiweka juu ya chaki. Ikakaa barabara.

— Miezi yote saba? aliuliza Shangazi.

— Tuliona pale iko mbali na vumbi, alisema Waziri kwa sauti ya mtu aliyejiuzulu.

— Rangi imepasuka chini ya ndoo, maji yakaingia yakakosa pa kutokea, alisema mpaka rangi. Kwingine kote mbao ni ngumu. Kateni mpaka mkute mbao nzima, muiache ikauke siku kadhaa, mtie kiraka cha mbao ya aina hiyohiyo. Rangi ya kwanza iwe nyepesi, mbao iinywe. Halafu nje rangi ya boti, mara mbili. Ndani mafuta tu, unyevu upate njia ya kutoka.

— Kwa hiyo haijafa?

— Haijafa, Shangazi. Imelowa tu.

Shangazi akashusha pumzi ndefu, akaweka ule mkono uliopona juu ya boti.

— Nilidhani marehemu ananiaga mara ya pili, alisema.

Nilisikia kifua changu kinafunguka, ingawa mkono ulioirudisha ndoo pale kila asubuhi ulikuwa wangu.

— Haya, akasema Shangazi, sasa anacheka. Injinia utakata, Waziri utapaka. Na wewe wa soli, hiyo ndoo utaipakata mpaka boti yangu irudi majini.

Nikaipakata. Kahawa iliyobaki niliinywa suruali ikiwa imelowa, na sikumbuki kahawa nyingine iliyoshuka vizuri hivyo.