Kikombe Kimoja na Tupokigwe

Liberatus hakugundua kwamba mtoto aliyeketi mbele yake alikuwa akikohoa damu, mpaka mzee mwenye kofia alipopaza sauti ndani ya basi la kwenda Mbeya: "Mama, huyo ana kifua kikuu. Shuka naye Chimala!"

"Hana, baba," mama akajibu, akimfuta binti yake Tupokigwe midomo. "Hospitali walimpiga picha. Mshipa wa pafu moja haukuumbika sawasawa tangu tumboni."

"Tumboni? Basi kosa ni lako."

Hivyo ndivyo kosa lilivyohama kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama, bila hata kulipa nauli.

Mama akachukua kikombe cha bati cha binti yake, akanywa maji yaliyobaki. "Miaka sita nakunywa naye kikombe hiki, na bado nina nguvu ya kukujibu. Tumbo hili limezaa watano, baba. Huyu ndiye anayewashinda wote kuimba. Kama unaogopa, shuka wewe."

"Una mdomo, mama!"

"Ninao."

Basi likasimama Chimala. Hakushuka mtu. Mzee alibaki amefunika pua kwa kofia. Liberatus akaacha kiti chake cha nyuma, na kutoka hapo mpaka Mbeya alikaa kando ya Tupokigwe.