Besi wa Safu ya Nyuma: Heldur Raudkepp wa Saareoja, 1937–2019

Ndugu, majirani na wanakwaya wenzangu, asanteni kwa kuja kwenye baridi hii. Mimi ni Tiiu, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake. Familia imenipa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, mimi silii ovyo. Tutaona.

Heldur Raudkepp alizaliwa tarehe 14 Machi 1937 katika shamba la Ala-Tamme, hapa hapa Saareoja, mwendo wa nusu saa kutoka mji wa Viljandi. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Jaan na Miina Raudkepp. Baba yake alichukuliwa vitani mwaka 1944 na hakurudi, wala haikujulikana alizikwa wapi. Miina alibaki na watoto wawili, ng'ombe mmoja, na sauti ambayo wazee wanasema ilisikika hadi ng'ambo ya mto wakati wa kukamua. Mama yangu aliirithi. Heldur alirithi masikio makubwa ya baba yake, ambayo kwa upande wa muziki hayakumsaidia kitu.

Alisoma katika shule ya kijiji kuanzia mwaka 1944 hadi 1951. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mkono wake ulipenda vyuma. Kwenye somo la kuimba, mwalimu alimsikiliza mara mbili, kisha akamwambia kwa upole kabisa, "Heldur, wewe kaa pale kando ya jiko la darasa uchochee moto. Wenzako wanaimba, wewe unawapa joto. Kila mtu na kazi yake." Basi kila msimu wa baridi kwa miaka saba alichochea moto huku akisikiliza, na alitoka shuleni anajua maneno ya nyimbo zote na beti zake zote bila kuwa na uwezo wa kushika noti hata moja. Mama yangu alisema hakuwahi kulalamika. Ila siku moja nyumbani alimwuliza Miina, "Mama, mtu asiyeweza kuimba ni wa taifa gani?" Miina akamwambia ale viazi vyake vinapoa.

Mnamo mwaka 1955, baada ya miaka miwili ya chuo cha ufundi, aliajiriwa katika karakana ya matrekta ya shamba letu la pamoja. Kufikia miaka ishirini na mitatu alikuwa fundi mkuu. Kulikuwa na mashine nyingi wilayani zilizosikia mkono wake tu. Angeweza kuishi hivyo hivyo, mtu wa mafuta na spana, kama si majira ya kuchipua ya mwaka 1960.

Mwaka ule kwaya ya Saareoja ilijiandaa kwenda kwenye Tamasha la Nyimbo kule Tallinn, na mtu mmoja wa besi akavunjika mguu. Idadi ikapungua chini ya ile iliyotakiwa. Mwalimu wa kwaya alikuwa Asta Lepasaar, aliyefundisha pia shule yetu, wakati huo msichana wa miaka ishirini na sita, leo yupo pale mbele na fimbo yake. Binti mmoja wa sauti ya pili, Virve, akamnong'oneza kwamba karakana ina mwanamume mrefu ambaye hana shughuli Jumanne jioni. Asta akaenda mwenyewe.

"Mwalimu, mimi siimbi," Heldur akamwambia akiwa chini ya trekta.

"Nani kakwambia uimbe? Nimekuja kukuomba usimame."

"Nisimame tu?"

"Usimame, ufungue mdomo wenzako wanapoufungua, na uufunge wanapoufunga. Maneno unayajua?"

"Yote."

"Basi wewe umewazidi mabesi wangu wote."

Hivyo ndivyo alivyoingia safu ya nyuma, mahali pa nne kutoka kushoto, na hakutoka hapo kwa miaka hamsini na minne. Siku waamuzi walipokuja kuipima kwaya, mmoja wao alipita nyuma ya mabesi ameinamisha sikio, mtu baada ya mtu. Heldur alibadilika rangi. Alipofikiwa, jirani yake Valdek, Mungu amrehemu, aligeuza shingo na kuachia sauti yake yote kwenye sikio la yule bwana, hata bwana akaruka pembeni na kuandika kwenye karatasi yake kwamba besi za Saareoja zina nguvu ya kutosha. Tukafuzu.

Kwa wale wa umri wangu na chini yangu ni vigumu kuelewa tamasha lilikuwa nini wakati ule. Bendera ya taifa letu ilikuwa imepigwa marufuku na watawala wa kigeni, imefichwa kwenye dari za nyumba, na mambo mengine mengi hayakusemwa mbele ya watoto. Ila kila baada ya miaka kadhaa watu walivaa mavazi ya asili, sketi za mistari za parokia zao, wakapanda malori, wakala supu ya njegere kwenye vikombe vya bati, wakasimama chini ya tao kubwa la jukwaa kwa maelfu, na ukageuka ukaona mlivyo wengi. Heldur alitaka hilo. Alitaka kusimama mahali ambapo mtu akiangalia atasema, huyu naye ni mmoja wao. Aliogopa tu kwamba alikuwa akidanganya.

Jioni ya mwisho programu ilipokwisha, watu hawakuondoka. Wimbo mmoja wa kuipenda nchi yetu, uliokatazwa na ambao haukuwa kwenye programu, wala usingeweza kuwemo, ulianza mahali fulani na kusambaa mpaka mteremko mzima wa watazamaji ukawa unaimba. Wanaume walivua kofia. Heldur alifungua mdomo kama alivyofundishwa, machozi yakamwingia mdomoni. Valdek alisahau ubeti wa pili, akamtazama Heldur midomoni na kuupata. Tangu siku hiyo mabesi wetu wakisahau maneno walimtazama Heldur, na hapo nawataja nyote mlioko safu ya nyuma leo.

Sasa nafika mahali ambapo mnadhani mnapajua. Mwezi wa Septemba picha ya jioni ile ilitoka gazetini, na kwenye picha ile safu ya nyuma ya Saareoja ilionekana vizuri sana. Mdomo uliokuwa wazi kuliko yote ulikuwa wa Heldur. Mabwana wawili wa usalama wakaja kutoka wilayani na kuwaita mabesi ofisini mmoja mmoja. Mmoja alisema alikuwa akipiga miayo. Valdek, mwenye watoto watatu, alisema hakumbuki. Baada ya hapo Heldur aliondolewa karakana na kupelekwa kwenye zizi la ng'ombe kuzoa mavi kwa miaka miwili, na mwaka 1965 hakuruhusiwa kwenda tamashani. Kijiji kizima kimeamini siku zote kwamba picha ndiyo iliyomponza.

Haikuwa picha. Mjomba alimkataza Virve kusema maisha yake yote, na wiki iliyopita Virve aliniambia, "Sasa hawezi kunikataza. Soma." Mwaka 1994 Heldur alikwenda Tartu kwenye hifadhi ya nyaraka, akaomba nakala ya faili lake, akaiweka katikati ya noti za kwaya. Karatasi ninayo hapa. Imeandikwa kwa mashine, nusu ukurasa: "Raia Raudkepp anakiri kuwa aliimba wimbo huo kwa sauti kubwa, beti zote. Anakiri kuwa ndiye aliyeuanzisha. Anasema mwalimu wa kwaya alimfanyia ishara anyamaze, naye akakaidi. Hakuna haja ya kumhoji tena mwalimu wa kwaya."

Makumi ya maelfu ya watu waliimba, na yule bwana aliandika bila kucheka kwamba aliyeanzisha ni fundi wa matrekta wa Saareoja. Lakini alihitaji jina la kupeleka, akalipata. Mwalimu Asta, pole kwa kukupa habari hii mbele ya watu. Ulibaki shuleni miaka thelathini na mitano, na sisi sote tuliofundishwa na wewe tulifundishwa kwa sababu ya karatasi hii.

Virve amenieleza ilivyokuwa jioni alipojua Heldur alichokiri ofisini. Alimfuata zizini amekasirika.

"Mjinga wewe. Katika kwaya nzima, mtu mmoja tu angeweza kusema 'sikuimba' na ikawa kweli. Mtu mmoja, na ndiye aliyekubali!"

"Ningesema sikuimba, Virve, ningekuwa nani?"

"Ungekuwa fundi mkuu."

"Fundi mkuu wa nani? Wa watu gani?" Kisha akaegemea koleo lake na kucheka. "Na tena sasa imeandikwa. Kwa sauti kubwa, wameandika. Mwalimu wangu wa shule angekufa kwa kicheko."

Walifunga ndoa tarehe 10 Juni 1961, bwana harusi akiwa bado mtu wa zizini. Virve anasema suti ilikuwa ya kuazima, ila harufu ilikuwa yake mwenyewe. Walijaliwa watoto wawili, Piret mwaka 1963 na Margus mwaka 1967. Heldur alirudishwa karakana mwaka 1962 kwa sababu ya trekta lililowashinda wengine, na alifanya kazi pale hadi shamba la pamoja lilipovunjwa, kisha akatengeneza mashine za majirani kwenye banda lake mpaka macho yalipogoma. Ndoa yao ilidumu miaka hamsini na minane. Waligombana kuhusu chumvi na kuhusu madirisha, na kila Jumanne jioni walikwenda mazoezini wameshikana mikono hata walipokuwa wamenuniana.

Tangu mwaka 1969 hakukosa tamasha. Mwaka 1990, bendera zilipokuwa zimetoka kwenye dari na wimbo ule unaimbwa mchana kweupe, Valdek alimwambia, "Haya, sasa ruhusa ipo. Hebu toa sauti japo mara moja." Heldur akamjibu, "Tumengoja miaka yote hii, halafu mimi ndiye niuharibu?" Akafungua mdomo kama kawaida yake. Mimi nilikuwa safu ya kwanza, niligeuka kumtazama. Sijaona mtu akiimba kwa moyo namna ile.

Moyo huo ndio ulioanza kumsumbua mwaka 2015. Daktari alimkataza kusimama muda mrefu, naye aliona hilo ni kama kufukuzwa kazi. Mwezi wa Julai mwaka huu Piret alimpeleka tamashani akae mteremkoni kwenye kiti cha kukunja, amefunikwa blanketi. Mama mmoja wa Tallinn aliyekaa karibu alimwona anavyochezesha midomo akamwambia, "Baba, toa sauti basi, huku kwetu hakuna mwamuzi." Piret anasema mzee alijinyoosha kwenye kiti akajibu, "Samahani, mimi ni besi. Tunasubiri zamu yetu."

Alilazwa Viljandi tarehe 11 Novemba. Mwalimu Asta alimtembelea siku ya Jumatano, na mimi nilikuwepo. Alikuwa anapumua kwa shida.

"Asta," akasema, "miaka yote ile. Nilikuwa nawaibia nafasi. Angeweza kusimama pale mtu mwenye sauti."

"Wenye sauti ninao wa kutosha, Heldur. Ila wao husahau maneno."

"Mtaimba siku ya kunizika?"

"Tutaimba."

"Vizuri. Sauti haitapungua."

Alifariki Jumamosi tarehe 23 Novemba 2019, saa moja asubuhi, Virve akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Ameacha mke wake Virve, watoto wake Piret na Margus, wajukuu wanne, kitukuu mmoja, mimi mpwa wake, na Kwaya ya Saareoja. Nakala ya karatasi ile mtaikuta ukurasa wa mwisho wa programu. Karatasi yenyewe sasa naikunja na kuitia kwenye mfuko wa koti alilovikwa, upande wa kushoto, ili popote atakapoulizwa kama aliimba awe na ushahidi.

Kabla ya kutupa mchanga, kwaya isogee hapa kando ya kaburi, kwenye matawi ya misonobari. Mabesi, jipangeni kama siku zote, na nafasi ya nne kutoka kushoto muiache wazi, mtu asisogee kuiziba. Tunaimba wimbo ule, beti zote tatu. Mjomba alisema kweli, sauti haitapungua hata kidogo. Lakini mkifika ubeti wa pili mtageuka kumtazama, najua, kwa sababu mimi mwenyewe nitageuka. Basi leo shikeni maneno wenyewe.

Pumzika kwa amani, Heldur. Tunaanza sisi, na safari hii tutasema tulianza.