Bi. Winifred Tolland Aaga Kasri la Kesargarh

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwafunza watoto wa Maharaja wetu, Bi. Winifred Tolland anastaafu tarehe 31 Machi 1924. Alikuja kwa mkataba wa mwaka mmoja, na mizigo ya mtu asiyekusudia kukaa.

Wiki ya kwanza watoto walimfichia viatu. Akazunguka ua mzima akiulizia, ila katika lugha yetu "kiatu" na "mwongo" hutofautiana kwa pumzi tu. "Jamani, nani kamwona mwongo wangu?" Mjakazi mmoja akamjibu kwa adabu zote, "Tunao wengi, Memsahib. Unamtaka yupi?" Alipoelezwa, alicheka hadi akakaa chini. Watoto wakampenda tangu hapo.

Asiyempenda alikuwa Dadisa, mama yake Maharaja. Siku moja mjukuu wake, Binti Mfalme Hansa, aliangua kicheko mbele ya wageni. Dadisa akang'aka, "Huyu mzungu ananiharibia mtoto. Afungashe!" Bi. Tolland akafungasha, na kesho yake asubuhi gari la farasi likaletwa mlangoni.

Asubuhi hiyohiyo Dadisa akashikwa na homa kali. Akaitwa daktari Mwingereza, naye daktari akaketishwa nyuma ya pazia, maana mwanamume wa nje hamwoni malkia. Hakujua lugha yetu. Mkalimani wake naye alikuwa mwanamume, na Dadisa aliapa heri afe kuliko kumtajia huyo maumivu ya tumbo lake.

Bi. Tolland angeweza kutafsiri mwenyewe, akaokoa kazi yake. Badala yake alimsogeza mbele Hansa, aliyemfunza Kiingereza, wakati huo ana miaka tisa, akamnong'oneza, "Sema polepole. Ukikwama, nipo."

Hansa alitafsiri kila neno, hata bibi yake alipomwita daktari punda.

"We mtoto, hilo usilitafsiri!"

"Nimeshalitafsiri, Dadisa."

Nyuma ya pazia daktari akacheka. Dadisa, pamoja na homa yake, akacheka kumshinda.

Alipopata nafuu, aliamuru mizigo irudishwe ndani. Leo Hansa anaongoza shule ya wasichana mjini, na wadogo zake wote wamepita mikononi mwa mwalimu huyohuyo.

Sasa Bi. Tolland anakwenda kuishi na dada yake Uingereza. Jana Dadisa, ajuza wa miaka themanini na mmoja, alituma neno: "Mwacheni aende, ila chumba chake asipewe mtu."

Bi. Tolland, ahsante kwa kutulelea watoto. Uishi kwa afya na furaha. Na siku ukichoka kutukumbuka kwa mbali, rudi.