Mama Shuka na Chumba cha Mapumziko

Wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake wa Idara ya Maji na ninyi nyote mliokuja kulia nasi, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, nisimame hapa, nanyi mnivumilie, maana dada huyu ndiye aliyenibeba mgongoni na sijazoea kumzungumzia akiwa amenyamaza.

Dada yetu, ambaye wengi mlimjua kama Mama Shuka, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Mei 1968, katika zahanati iliyo nyuma ya stesheni ya reli, manyunyu yakidondoka juu ya bati, akiwa wa pili kati ya watoto watano, na marehemu mama alikuwa akisema kwamba hakulia hata kidogo, alipiga miayo tu, akafumba macho, akaendelea na usingizi aliokuja nao.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1976 hadi 1982, kisha sekondari ya wasichana hadi 1986, ambako kila asubuhi aliwasimulia wenzake ndoto zake kwenye foleni ya bafu, ndoto za treni zinazopita polepole juu ya mawingu na nyumba ambazo milango yake ni ukungu, wala hakutia chumvi, maana alivyosimulia leo ndivyo angesimulia mwakani. Alihitimu uhazili mwaka 1988, na tarehe 2 Januari 1989 akaajiriwa Idara ya Maji kama mpiga chapa.

Jumamosi ya tarehe 21 Agosti 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi majokofu, mtu wa maneno machache, wakajaliwa binti mwaka 1995 na kijana mwaka 1998, na Jumapili mchana nyumba yao ilijaa kimya kitamu, mapazia yakivuta pumzi dirishani, wote wanne wamelala sebuleni, hata mgeni aliyepiga hodi alijikuta kitini akisinzia nao. Mimi ni shahidi, niliwahi kwenda kuazima ngazi nikarudi jioni bila ngazi.

Mwaka 2014 alikabidhiwa dawati la ustawi wa wafanyakazi, wakati ambapo malipo ya walio kwenye likizo ya ugonjwa yalikuwa yakipanda kila mwaka, madereva migongo, wasoma mita presha, makarani usingizi umewakimbia, na wakubwa walipohoji pesa zinakwenda wapi, yeye aliwajibu kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Mwaka 2019 wakampa chumba cha mwisho wa korido, kilichokuwa stoo ya mita mbovu, akakipaka rangi, akashona mapazia ya buluu, akatandika kitanda kimoja cha mfanyakazi yeyote aliyechoka. Mkurugenzi alikikalia akapigwa picha, watu wakapiga makofi, na baada ya hapo, loo, hakuna aliyetia mguu! Kila mmoja aliogopa kuonekana mgonjwa, mvivu, au mlevi wa jana. Basi dada akabeba shuka lake kutoka nyumbani, akawa kila mchana analala humo mlango wazi, anakoroma bila haya, mkamcheka, mkampa jina, na kidogo kidogo mkaanza kuulizana nani yumo na nani anafuata. Msijifanye hamnielewi, wengi wenu mmelala humo, na mmenisimulia wenyewe jinsi mwanga wa buluu ulivyowafanya mjihisi mko chini ya maji matulivu, simu za ofisini zikilia mbali, kama za nchi nyingine.

Mwaka 2022 wakubwa waliweka sharti, kwamba malipo ya ugonjwa yasiposhuka kufikia Juni 2023, chumba kitarudi kuwa stoo. Oktoba hiyohiyo daktari alimwambia dada kwamba moyo wake umetanuka, akamtaka apumzike nyumbani miezi sita. Dada aliitikia, akatoka, akanyamaza, kwa kuwa alijua likizo yake ndefu peke yake ingetosha kuharibu hesabu, akaendelea kuja kazini, akajilaza na shuka lake, nanyi mkadhani anawapa mfano kama kawaida, mkanyata, mkashusha sauti, kumbe aliyelala pale ni mgonjwa.

Alitwambia mwenyewe Julai ya 2023, akicheka, malipo yakiwa yameshuka na chumba kikiwa kimepona. Nilimfokea, sifichi, nikamuuliza mbona amewahimiza watu wote waende kupumzika halafu yeye amejifanya chuma, naye akaniambia nipunguze sauti nisimwamshe mtoto, na mtoto mwenyewe ana ndevu. Septemba alilazwa wodi ya moyo, na asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, alimsimulia mumewe kwamba ameota anavuka mto usiolowesha nguo, akafumba macho, akatutoka.

Tumesikia baadhi yenu mlisita kuja mkijilaumu. Hatuwalaumu, hata shemeji aliyelala naye kitanda kimoja hakujua. Tumesikia pia kwamba Idara inataka kuandika jina lake mlangoni, ahsanteni, lakini sisi tunaomba jambo jingine, kwamba mkimkuta mtu amelala humo, mwamsheni, mumuulize kama anaumwa, na akiumwa apelekwe nyumbani, hesabu ziende zinakotaka kwenda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kukesha nasi, na ninyi wafanyakazi wenzake mliombeba leo mabegani.

Dada, wewe hatukuamshi. Pumzika kwa amani.