Gemu ya Mgema Aliyeanguka

Wazee wangu, shikamooni. Wa rika langu, hamjambo? Nimetoka Kaloleni asubuhi, na hapa Barani mmenishindilia mahamri mpaka mkanda wanibana, basi nikisema polepole mnivumilie. Tumeambiwa katika kikundi hiki cha walioumia kazini kila mmoja aeleze alivyoanguka. Wengine husema kuanguka kwa mfano tu. Mwenzenu nilianguka kweli, kutoka juu ya mnazi.

Nilikuwa mgema. Msiopenda kusikia habari za tembo mnisamehe, leo halinywewi, lasimuliwa tu. Mgema hupanda minazi yake asubuhi na jioni, akalipara kidogo kwa kisu lile karara ambalo ua lake halijafunguka, ndipo tembo litiririke. Ukiacha kulipara karara siku mbili tatu, limekauka. Asubuhi moja vidato vya kukanyagia shinani vilikuwa na umande, mguu ukateleza. Nilizindukana hospitalini nyonga imevunjika, na daktari akaniambia habari ya kupanda nisahau.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, nyonga haikunishinda. Kilichonishinda ni aibu. Wagema wenzangu walikuja kunijulia hali, nikamwambia mama, "Waambie nimelala." Wakaja tena, nimelala. Miezi minane nimelala! Hata pono halali hivyo.

Shemeji yangu, mwalimu wa shule ya msingi, sijui alinihurumia au alichoka kuniona nimenuna, akaniletea kompyuta yake kuukuu. "Shemeji, cheza gemu basi, ujipoze." Nikacheza siku tatu, nikaanza kujiuliza: hivi vitu, nani avitengenezaye? Nikatafuta masomo kwenye simu. Kiingereza changu ni cha darasa la nane, kwa hivyo somo la dakika kumi nalisikiliza mara sita. Nilianza na kijisanduku cha kupanda mstari kwenye kioo, basi. Siku kilipopanda nilipiga ukelele, mama akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani nimeanguka kitandani.

"Mama, kimepanda!"

"Kimepanda nini?"

Nikamwonyesha. Akatazama, akatazama tena. "Haya, mwanangu. Kula kwanza."

Kijisanduku nikakitia mikono na miguu, kikawa mgema. Loo, alinitesa huyo! Nilisahau alama moja ndogo katika maandishi yangu, akafika kwenye makuti, akayapita, akaenda zake mbinguni na kibuyu. Wiki nzima niko katika kumteremsha. Lakini alipokaa sawa nilijiona ni mtu tena. Sheria ilikuwa nyepesi: ukiteleza, kioo huwa cheusi, yanatokea maneno, "Umekwisha. Anza upya."

Siku moja mama alikuwa sokoni, hakuna wa kusema nimelala. Akaingia mgema mzee kuliko sote, akanikuta niko macho. Kwa kukosa la kusema nikamsogezea kompyuta. "Mzee, hebu jaribu." Vidole vyake vigumu kama vifuu. Kidato cha tatu, chini! Akasoma yale maneno, akakunja uso.

"Amekwisha vipi? Amekufa?"

"La, mzee. Ameanguka tu."

"Ameanguka, sawa. Na minazi yake aigema nani?"

"Hakuna. Ndiyo mwisho wa gemu."

"Ati mwisho! Minazi ikauke, na watu wapo?" Akanigeukia. "Kwani yako imekauka?"

Sikuwahi kuuliza hata siku moja. Mzee akanieleza: kumbe tangu nilipoanguka, wenzangu walikuwa wakiipanda minazi yangu asubuhi na jioni, huyu miwili, huyu mitatu, wakishamaliza yao. Mama alikuwa akilipokea tembo mlangoni na kuliuza, na mimi nimegeukia ukuta. Kila tonge nililokula lilitoka kwa watu niliokuwa nikiwakimbia. Nililia mbele ya mzee wa watu, wala sikujificha. Akaniacha nikalia, kisha akasema, "Haya, yatosha. Sasa hiyo gemu irekebishe."

Nikairekebisha. Siku hizi mgema akianguka, majirani wanatokea, wanapanda badala yake, naye anakaa chini akiwaelekeza mpaka apone. Watu wa Kaloleni waliipenda sana. Ikapita simu kwa simu hadi huku kwenu, nasikia mpaka Ngomeni wanaicheza. Leo kutengeneza gemu ndiyo kazi yangu, na sasa hivi nashughulikia moja ya hesabu niliyoombwa na walimu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, aliyesema uongo mlangoni kwa ajili yangu, Mungu amsamehe. Namshukuru shemeji. Na wale wenzangu siwasifu zaidi, maana mgema akisifiwa mnajua afanyavyo! Chekeni, chekeni, ndugu zangu, lakini mnisikie. Kama uko kitandani na wewe umewaambia watu waseme umelala, nakuomba uamke uwafungulie. Uliza nani afanya kazi yako tangu uanguke. Usiogope jibu kama nilivyoogopa mimi.

Yule mzee bado aicheza ile gemu kila siku. Nimemwona kwa macho yangu: kupanda ajua sana, lakini kileleni hafiki. Ajiangusha makusudi, apate kuwaona wenzake wakija.